Steshenari ya njia panda ya Uyole: wazee na vijana kwenye kaunta moja

Anayetoka Mbeya mjini kwa daladala kwenda Igawilo, kama ilivyo kwa anayeingia akitokea Tukuyu, hana budi kupita Uyole, pale ambapo barabara ya kwenda Kyela inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Kuizunguka njia panda hiyo kumejaa vibanda na vyumba vya huduma za karatasi: kopi, kuprinti, picha za paspoti, laminesheni, maombi ya mikopo, vyeti vya kuzaliwa na usajili wa laini za simu. Ninachokitathmini hapa ni kimojawapo, chumba chenye mlango wa bluu upande wa kwendea Tukuyu, ambacho hakina jina la biashara la kukitambulisha. Ubao wake umeandikwa "STESHENARI", chini yake ikafuata orodha ya huduma, na chini kabisa, kwa rangi tofauti inayoonyesha kuwa maneno yaliongezwa baadaye, "Tunaandika barua za kiserikali". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayokitofautisha chumba hiki na vingine vya jirani, na ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini ndefu kuliko inavyostahili, kwa kawaida, duka la kutolea kopi.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini steshenari, kati ya maduka yote, ndiyo imekuwa mahali ambapo wazee na vijana wanachunguzana. Kijana anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hujaza maombi yake mtandaoni, lakini maombi hayo hayakamiliki bila cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, taarifa za wazazi, mdhamini mwenye kitambulisho na saini, na muhuri wa serikali ya mtaa au ya kijiji. Kwa upande wa pili, mzee ambaye hupokea fedha za matumizi kutoka kwa watoto wake kwa njia ya simu amelazimika, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019 na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 pamoja na kidole ambacho mashine inakubali kukisoma. Mmoja anajua kubonyeza; mwingine ndiye mwenye karatasi, saini na jina. Hakuna anayemaliza shughuli yake peke yake, na ni katika hali hiyo ya kutegemeana bila kupenda ambapo kila upande unajijengea maoni juu ya mwenzake.

Maoni hayo husikika waziwazi kwenye foleni za Uyole, wala hayasemwi kwa kunong'ona. Wazee husema vijana wa siku hizi hawaamkii mpaka waamkiwe wao, vichwa vyao vimeinamia simu muda wote, na wanataka kila jambo limalizike leo hata kama mhusika mwenye muhuri yuko msibani. Vijana nao husema wazee wanahitaji kusaidiwa lakini hawataki kuelekezwa, hawaamini kitu wasichokishika mkononi, na wakiulizwa tarehe ya kuzaliwa huanza na habari za ujenzi wa reli ya TAZARA. Katika maduka mengi ya jirani, malalamiko hayo humalizwa kwa njia rahisi: mzee huwekwa kwenye benchi, mjukuu husimama kaunta, na shughuli ya mzee huzungumzwa na watu wawili wenye umri wa chini ya miaka 25 kana kwamba mwenyewe hayupo.

Chumba hiki kinafanya kinyume, na hilo ndilo jambo la kwanza la kukisifia. Mwenye duka ni mama aliyestaafu kazi ya ukatibu muhtasi, aliyesomea Chuo cha Uhazili Tabora zama za taipureta na kupiga chapa katika ofisi ya serikali hadi alipotimiza miaka 60. Taipureta yake ipo juu ya rafu, nyuma ya maboksi ya karatasi za A4, na haiguswi na mtu. Ameajiri vijana wawili: binti anayeshughulikia kompyuta na mifumo ya mtandaoni, na kijana anayesimamia mashine ya kopi pamoja na uwakala wa simu. Mama mwenyewe hukaa mwisho wa kaunta, upande wenye dirisha, akiwa na kalamu nyekundu na miwani iliyofungwa uzi, na kazi yake ni moja tu: kusoma na kusahihisha barua za watu kabla hazijachapwa.

Nilishuhudia namna wanavyofanya kazi siku ambayo bibi mmoja mkulima wa viazi kutoka upande wa Isyonje alifika na mjukuu wake kurudisha laini iliyopotea pamoja na simu. Binti alimwamkia bibi, akamkaribisha asogee, kisha akamuuliza jina. Mjukuu akajibu. Akamuuliza mwaka wa kuzaliwa, mjukuu akajibu tena, huku akiangalia saa ya simu yake. "Kaka, naomba bibi aniambie mwenyewe," binti alisema, bila ukali wowote, na akasubiri. Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa kitambulisho kilichofungwa kwenye kipande cha nailoni, akasoma namba yake yote tarakimu kwa tarakimu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, na alipofika katikati akasimama kumsubiri binti aandike, kama mtu aliyewahi kufundisha imla.

Mashine ya alama za vidole ndiyo iliyogoma. Hilo ni jambo la kawaida katika nyanda hizi za juu, ambako watu wameshika jembe tangu utotoni na ngozi ya vidole imesuguliwa ikabaki laini, haina tena mistari ambayo kioo cha mashine kinaitafuta. Katika duka jingine nilikwisha kumsikia wakala akimwambia mzee, mbele ya watu, kwamba "kidole chako kibovu". Hapa kijana wa uwakala alitoa kitambaa chenye unyevu, akamfuta bibi dole gumba la kulia, akajaribu. Akahamia la kushoto. Akajaribu cha shahada, kisha cha kati, akiwa anamweleza kila mara anachofanya na kwa nini. Bibi akamwambia, "Vidole vimeishia kwenye viazi, mwanangu." Kijana akajibu kwamba basi watatafuta kile kilicholima kidogo, na watu wote kwenye foleni wakacheka, bibi akiwa wa kwanza. Kidole cha pete cha kushoto ndicho kilichokubali.

Ningeishia hapo, ingekuwa habari ya kawaida ya kijana mwenye adabu na mzee aliyehudumiwa vizuri. Lakini mjukuu naye alikuwa na shida yake. Alitaka kuprinti barua ya kuomba kazi, ambayo alikuwa ameiandika ndani ya simu, na binti alipoifungua kwenye kompyuta ilionekana kuwa mistari mitano isiyo na anuani, tarehe wala kichwa cha habari, iliyoanza kwa "Habari za kazi" na kuishia kwa jina moja na namba ya simu. Ilipelekwa kwa mama wa kalamu nyekundu. Bibi, ambaye sasa alikuwa amekaa, aliomba asomewe, na iliposomwa aliuliza anuani ya mwandishi iko wapi, kwa sababu anuani ya mwandishi hukaa juu kulia, na ya mwandikiwa hufuata kushoto. Mjukuu aligeuka kumtazama bibi yake kwa mshangao ambao sikuweza kuuacha bila kuuchunguza, kwa hiyo nikamuuliza bibi alijifunzia wapi.

Jibu lake linahitaji maelezo kidogo ya historia. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika muongo huo kisomo kikaenea nchi nzima, madarasa yakiwa chini ya miti na kwenye majengo ya shule nyakati za mchana, sambamba na kampeni za redio kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walimu wenye vyeti hawakutosha, kwa hiyo waliomaliza shule ya msingi walitakiwa kuwafundisha wakubwa wao. Bibi huyu alikuwa mmojawapo: akiwa msichana aliyetoka darasa la saba, alipewa chaki na kuambiwa awafundishe kusoma na kuandika watu wa umri wa mama yake, na barua ilikuwa sehemu ya mafunzo. Alieleza kwamba wanafunzi wake hao walimlalamikia kuwa vijana wa wakati ule wanajifanya wanajua, hawana subira, na wanaongea na watu wazima kama wanaongea na watoto. Aliyasema hayo akimtazama binti wa kompyuta, na binti hakusema neno, ila aliacha kuchapa.

Huyu mjukuu, nadhani, alikuwa amemjua bibi yake kama mtu wa viazi na pindo la kanga tu, na hakuna mahali nyumbani ambapo angeweza kumjua vinginevyo. Hilo ndilo linalonifanya niione kaunta hii kuwa na manufaa zaidi ya huduma zilizoorodheshwa ubaoni. Nyumbani, mzee na kijana hukutana wakati mmoja wao ana shida na mwingine ana uwezo: simu imegoma, ada inatakiwa. Aliye na shida ndiye anayeonekana mjinga, na sura hiyo ndiyo inayobaki kichwani mwa mwenzake. Hapa wote wawili walifika na shida ndani ya nusu saa ileile, kila mmoja akaonekana anapokwama na anapoweza.

Wazee wa Rungwe, wilaya ya Wanyakyusa, wana historia yao wenyewe ya uhusiano huu wa wazee na vijana. Zamani Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika: wavulana walipofika miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, wakakua pamoja, wakaoa, na mara moja kwa kila kizazi sherehe ya ubusoka iliwakabidhi madaraka ya nchi hadharani huku kizazi cha baba kikijua kwamba zamu yake inakwisha. Sisemi kwamba mpango ule ulikuwa na amani wakati wote, kwani hakuna anayekabidhi kwa furaha. Ila ulikuwa na siku inayojulikana. Siku hizi mipaka iko kwenye sera: Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Sisi tulio kati ya 35 na 60 hatuna sera yenye jina letu, ingawa ukisimama kwenye kaunta hii kwa muda utagundua kwamba ndio tunaolipa bili za pande zote mbili, mara nyingi kwa muamala unaoingia kutoka Tunduma au Dar es Salaam huku mlipaji mwenyewe akiwa kazini.

Sifa ya pili ya duka hili ni umakini wake katika majina. Ada ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu ni shilingi 30,000, na maduka mengi hukimbilia kuilipisha kisha ndipo tatizo likagundulika. Hapa binti huviweka vyeti vyote mezani kwanza, cha mtoto, cha mzazi, cha mdhamini, akalinganisha herufi kwa herufi. Hilo si jambo dogo kwa watu wa Mbeya, ambao majina yao yameandikwa na karani wa kila aina kwa sikio la kila aina: aliyebatizwa Anyelwisye hugeuka Anyerwisye kwenye cheti cha shule na Anyelwise kwenye kitambulisho, na mfumo wa kompyuta huwahesabu kuwa watu watatu.

Nilimwona kijana mmoja akimlaumu baba yake kwa jambo hilo, kwa sauti iliyopanda kidogo kidogo, kwamba wangekuwa makini tangu mwanzo yeye asingehangaika na kiapo cha majina kwa wakili. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi tuliandikiwa, hatukujiandika." Maneno hayo yalimtosha kijana, na mimi pia yalinitosha. Vijana wengi huona uzembe pale ambapo kulikuwa na mtu mwingine mwenye kalamu: padri, mwalimu wa zamu, karani wa kodi, ofisa aliyekuwa na haraka. Kizazi kinachojisajili chenyewe kwa kubonyeza hakiwezi kukumbuka hali ya kusimama mbele ya meza na kukubali jina ulilopewa, kwa sababu kumsahihisha mwandishi kungeonekana utovu wa nidhamu. Binti wa kompyuta, kwa sifa yake, hakuunga mkono upande wowote. Alimwandikia baba orodha ya vitu vinavyotakiwa kwa wakili, kwa herufi kubwa, na kumkabidhi yeye, wala si mtoto.

Sasa nije kwenye upungufu, ambao si mdogo.

Mama wa kalamu nyekundu anasahihisha barua kwa ustadi ambao sijauona kwingine katika jiji hili. Anajua kwamba barua kwa Sekretarieti ya Ajira haifanani na barua kwa mtendaji wa kata, anajua pa kuweka kumbukumbu namba, anajua kwamba "YAH", yaani kichwa cha habari cha barua, haihitaji kurudiwa katika aya ya kwanza, na anazo sentensi fupi za heshima zinazoweza kuondoa unyenyekevu uliopitiliza bila kuacha kiburi. Shilingi 2,000 anazotoza kwa barua moja ni haki yake kabisa. Lakini anasahihisha kwa sauti, na kila kosa la barua analihesabu kuwa kosa la malezi. "Mmefundishwa nini huko sekondari?" ni swali analomuuliza karibu kila kijana, mbele ya foleni, naye kijana hana la kujibu kwa kuwa swali halikuulizwa ili lijibiwe. Mzee aliyesahau neno lake la siri mara tatu mfululizo hupewa pole na kiti. Kijana aliyesahau tarehe ya barua hupewa hotuba. Nilimwona mmoja akichukua karatasi yake na kuondoka bila kuprinti, na sidhani kama alienda kujifunza kuandika barua. Nadhani alienda duka la ng'ambo, ambako barua hunakiliwa kutoka kwenye faili moja la zamani na kubadilishwa jina.

Nililieleza jambo hili kwa mama mwenyewe, kwa heshima inayostahili umri wake. Alinijibu kwamba yeye alipokuwa Tabora, ukurasa mmoja uliochapwa vibaya ulichanwa mbele ya darasa zima, na akaandika mwingine, na akafaulu. Jibu hilo linaeleza chanzo cha tabia yake, ila halinishawishi. Kosa la kijana wa leo kutojua barua lina sababu zake, sawasawa na kosa la mzee kutojua neno la siri: mmoja hakuwahi kupokea barua maishani, na mwingine hakuwahi kumiliki kitu kilichofungwa kwa maneno. Ikiwa duka limejifunza kumsubiri mmoja, linaweza kumsubiri mwingine.

Wafanyakazi vijana nao wana kasoro yao, iliyo ya upole zaidi lakini inaudhi vilevile. Mtu yeyote mwenye mvi huitwa "babu" na kusemeshwa kwa sauti kubwa, maneno yakivutwa, kana kwamba umri na uziwi ni kitu kimoja. Mstaafu mmoja wa hiari, ambaye kwa maana hiyo hakuwa ametimiza hata miaka 60, alimwomba kijana wa kopi apunguze sauti kwa sababu yeye ana mvi, hana shida ya masikio, na nyumbani ana mtoto wa darasa la nne. Kijana aliomba radhi, kisha akamgeukia aliyefuata na kumwita "babu" kwa sauti ileile. Neno "mzee" au "baba" lingetosha na lisingemkera mtu.

Tatizo kubwa kuliko yote ni daftari. Chini ya kaunta kuna daftari kubwa lenye jalada gumu ambamo huandikwa majina ya wateja, namba zao za simu, barua pepe zao na maneno yao ya siri, ili mteja akirudi asihangaike. Wazee wanalipenda daftari hilo, kwa sababu linawaondolea mzigo wa kukumbuka, na hata vijana, ambao mtu angetarajia wawe waangalifu, huacha maneno yao ya siri humo ya barua pepe waliyofunguliwa palepale. Kizazi kimoja kinaamini kwa sababu mama mwenye duka anajulikana. Kingine kinaamini kwa sababu kimezoea kukubali masharti bila kuyasoma. Matokeo ni yaleyale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na daftari linaloweza kufunguliwa na yeyote anayeinama kuokota kalamu haliwezi kuitwa ulinzi. Zaidi ya hapo, tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu ndogo ya kitochi ya mzee husomwa kwa sauti kubwa kwenye kaunta, wakati mwingine na mtu wa foleni aliyeombwa kusaidia kwa kuwa ana macho mazuri. Hadi sasa sijasikia mtu aliyeibiwa, na sitaki kumtuhumu yeyote, ila mazingira ya wizi yapo tayari.

Kwa yale yaliyobaki nitapita haraka. Kopi ni shilingi 100 kwa ukurasa, bei ya Uyole nzima, na kuprinti ni shilingi 200. Kujaziwa maombi ya mkopo ni shilingi 10,000 mbali na ada ya Bodi; bei hiyo ni ghali kidogo kuliko ya jirani, ingawa kazi ya kulinganisha majina inaihalalisha tofauti hiyo. Bei hazijabandikwa ukutani, na hilo huzaa maswali ya bure, hasa kwa wazee ambao huona aibu kuuliza na kwa vijana ambao huona wamepigwa. Benchi ni moja. Umeme ukikatika hakuna jenereta, na intaneti hulegea kuanzia saa saba mchana. Kati ya Juni na Agosti, ambapo kwa kawaida dirisha la mikopo huwa wazi na baridi ya Uyole huwa kali, foleni hufika nje, na wazee husimama kwenye upepo ule unaoshuka kutoka milimani bila mtu kuwapangia utaratibu wa kuingia kwanza. Kwa duka linalojali wazee kiasi hiki ndani ya chumba, kuwasahau wakiwa nje ya mlango ni jambo la kushangaza.

Anayetaka kopi kumi na kuondoka asihangaike kuja hapa. Maduka ya ng'ambo ya barabara yana mashine mpya zaidi na hayana foleni. Mwenye mzazi anayehitaji kusajili laini, kuhakiki cheti au kurekebisha majina ampeleke hapa bila wasiwasi, asubuhi ya katikati ya wiki, akiwa na kitambulisho halisi badala ya picha yake iliyo kwenye simu, na akifika amwache mzazi aseme mwenyewe. Maneno ya siri ayaandike kwenye karatasi yake na kurudi nayo nyumbani, hata kama binti atasisitiza kwa nia njema kabisa kuyaweka kwenye daftari. Na kijana mwenye barua ya kuomba kazi aje pia, kwa kuwa hatapata msahihishaji bora kwa shilingi 2,000, ila ajitahidi kufika kabla ya saa nne, wakati foleni bado ni fupi na mama ana watu wachache wa kusikia hotuba yake.